Ulinzi wa Mipaka na Ulinzi wa Afya katika Matumizi ya Taifa

Mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi wa Unguja na Pemba



Kila mwaka inapokaribia tarehe 1 Julai, siku unapoanza mwaka mpya wa fedha, vyombo viwili vya kutunga sheria hukaa kujadili makadirio ya mapato na matumizi. Bunge la Jamhuri ya Muungano hukutana Dodoma, na Baraza la Wawakilishi hukutana Zanzibar. Katika siku hizo husikika vibarazani, sokoni na maofisini swali moja lisilozeeka: je, fedha ya nchi imtangulie askari au imtangulie tabibu?

Madhumuni ya mazungumzo haya si kumshindanisha askari na muuguzi. Wote wawili ni watumishi wa umma, na wote wawili hukesha ili wengine walale. Madhumuni ni kueleza jambo moja ambalo aghlabu hupotea katika mjadala wa nani apewe zaidi. Jeshi hulipwa mshahara wakati wa amani, hufanya mazoezi wakati wa amani, na risasi zake huwekwa ghalani wakati wa amani. Hakuna mtu mwenye busara anayesema livunjwe kwa sababu adui hakuonekana mwaka huu. Kinga ya maradhi haijapewa heshima hiyo. Mara nyingi hupewa fedha maradhi yanapoua, na hunyimwa yanapopungua. Historia ya Visiwa hivi inaonesha kwamba desturi hiyo ndiyo iliyokuwa na gharama kubwa kuliko zote.

MGAWANYO WA MADARAKA

Inafaa ifahamike kwanza kwamba ulinzi na afya, kwa upande wa Zanzibar, havitoki katika mfuko mmoja. Kwa mujibu wa Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya 1977, ulinzi na usalama ni mambo ya Muungano. Jeshi la Wananchi wa Tanzania hugharamiwa na Hazina ya Muungano, na makadirio yake hupitishwa Bungeni. Afya si jambo la Muungano. Hospitali, vituo vya afya, chanjo na kazi za kuzuia maradhi katika Unguja na Pemba ni dhamana ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, na makadirio yake hupitishwa na Baraza la Wawakilishi.

Kwa hivyo mtu anayesema kuwa shilingi iliyonunua kifaru ingeliweza kununua kitanda cha hospitali ya Pemba anasema jambo lenye ukweli kwa taifa zima, lakini si jepesi kama linavyosikika. Shilingi hizo mbili hukusanywa na kugawiwa kwa njia tofauti. Hata hivyo, mgawanyo huo hauondoi swali. Mwananchi ni yule yule, na uhai anaoulinda ni mmoja. Akifa kwa risasi au akifa kwa homa, watoto wake hubaki mayatima namna moja.

ULINZI HAUEPUKIKI

Ingelikuwa ni udhalimu kuzungumza juu ya matumizi ya ulinzi kana kwamba ni anasa. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliingia Tanzania na kuliteka eneo la kaskazini ya Mto Kagera. Wananchi waliuawa, mifugo ikaporwa na maelfu wakakimbia makaazi yao. Tarehe 2 Novemba 1978 Mwalimu Julius Nyerere alilitangazia taifa vita, na katika hotuba yake alitaja mambo matatu ambayo wazee wengi wanayakumbuka hadi leo: uwezo, sababu na nia. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilianguka. Vijana wa Unguja na Pemba walikuwa pamoja na wenzao wa Bara katika safu hizo.

Ushindi ule ulikuwa wa haki, lakini haukuwa wa bure. Gharama yake imekuwa ikikadiriwa kufikia kiasi cha dola za Kimarekani milioni 500, na baada ya vita wananchi waliombwa wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ilirefuka ikawa miaka. Vita havikuwa sababu pekee: Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika 1977, na bei ya mafuta ilipanda sana 1979. Lakini waliokuwa wakiugua katika miaka ya mwanzo ya 1980 wanakumbuka hospitali zisizo na dawa, na wanakumbuka kuandikiwa cheti cha kwenda kutafuta nje kile kisichokuwapo ndani.

Mafunzo mawili hupatikana hapo. La kwanza ni kwamba nchi isiyoweza kujilinda haiwezi kulinda hospitali zake. La pili ni kwamba vita, hata vya haki, hulipwa na wagonjwa pia. Basi taifa linalotaka kuzifanya haki zote mbili halina budi kuzifikiria pamoja.

Tena askari mwenyewe anayajua haya kuliko raia. Katika Vita Kuu vya 1914 hadi 1918 vilivyopiganwa Afrika Mashariki, wapagazi waliobebeshwa mizigo ya majeshi walikufa kwa makumi ya maelfu. Wengi wao hawakuuawa kwa risasi; waliuawa kwa kuhara damu, malaria na njaa. Jina la Kariakoo katika mji wa Dar es Salaam ni kumbukumbu ya kikosi cha wapagazi hao. Tangu hapo kila jeshi lililopangwa vizuri limekuwa na madaktari wake, maji yake safi na chandarua zake. Hospitali ya jeshi ya Lugalo, Dar es Salaam, hutibu raia na askari pamoja. Jeshi halijapata kuiona afya kuwa ni mpinzani wake katika bajeti. Limeiona kuwa ni sehemu ya silaha zake.

MELI NA MFEREJI

Zanzibar ina mfano wake wa zamani juu ya jambo hili, nao unastahiki kukumbukwa. Sayyid Barghash bin Said alipotawala Oktoba 1870, mji ulikuwa umetoka katika msiba. Kipindupindu kilikuwa kimeupiga mji mwaka 1858 na kikarejea tena 1869, na kwa mara zote mbili kilizoa maelfu ya watu. Daktari James Christie, aliyekuwapo mjini wakati wa mripuko wa pili, aliandika kitabu juu ya maradhi hayo kilichochapishwa London mwaka 1876. Watu wa mji walikuwa wakinywa maji ya visima vilivyochimbwa katikati ya makaazi, karibu na makaburi na vyoo.

Katika utawala wake Sayyid Barghash alifanya mambo mawili yanayohusu mazungumzo haya. Mwaka 1877 aliunda jeshi la kudumu la mtindo wa Kizungu, na kulikabidhi kwa Lloyd Mathews, luteni wa Jeshi la Wanamaji la Uingereza. Mwaka uliofuata ilimfikia kutoka Uingereza meli iitwayo Glasgow, yenye mizinga, iliyogharimu zaidi ya pauni 32,000. Jambo la pili ni kwamba alivuta maji kwa mabomba kutoka chemchemi zilizo nje ya mji hadi ndani ya mji, ili watu waache kunywa maji ya visima vile.

Agosti 1885 manowari za Ujerumani zilitia nanga mbele ya kasri na kuelekeza mizinga yao. Jeshi la Sultani halikuweza kuzizuia, na Sultani alilazimika kukubali nchi alizozihesabu kuwa zake huko Bara zichukuliwe. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zikagawana zilizosalia, wakamwachia visiwa na ukanda wa pwani wa maili kumi. Tarehe 27 Agosti 1896, Sayyid Barghash akiwa ameshafariki miaka minane nyuma, manowari za Uingereza ziliupiga mji kwa muda usiotimia saa moja. Meli ya Glasgow ilizama bandarini pale pale ilipozoea kutia nanga. Maji ya chemchemi yaliendelea kutiririka mjini.

Si haki kumlaumu mtawala yule kwa kutaka jeshi. Alikuwa amezungukwa na dola zenye nguvu kuliko yeye. Funzo lililopo ni la vipimo. Jeshi la kisiwa kidogo halikuweza, kwa fedha yoyote ambayo kisiwa kingelipata, kuzizuia manowari za Ulaya. Mfereji wa maji uliweza, kwa fedha iliyokuwapo, kuukata mzizi wa maradhi yaliyokuwa yakiua maelfu. Mwenye mali chache hana budi kujiuliza si tu hatari ipi ni kubwa, bali fedha yake itaweza kuufunga mlango upi.

Na hata mfereji una sharti lake. Mji ulikua, watu wakaongezeka, mabomba yakachakaa, na makaazi mapya yakajengwa yasikofika maji. Mwaka 1978, mwaka ule ule wa vita vya Kagera, kipindupindu kiliripuka Zanzibar katika kijiji cha wavuvi. Kimerudi mara nyingi tangu hapo, ikiwemo mwaka 2015 na 2016. Aliyejenga alijenga mara moja. Kutunza ni kazi ya kila mwaka.

ADUI ALIYEONDOKA AKARUDI

Mfano ulio wazi kuliko wote ni wa malaria. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani, Zanzibar ilifanya kampeni kubwa ya kupiga dawa majumbani. Wapiga dawa walipita nyumba kwa nyumba, Unguja na Pemba, na malaria ikashuka sana. Mwaka 1968 kampeni ilisimamishwa. Maradhi yalikuwa machache na ilionekana kuwa kazi imekwisha. Katika miaka michache malaria ilikuwa imerudi kwa nguvu. Katika miaka ya 1980 ilifanywa kampeni nyingine ya kupiga dawa, nayo ikafika mwisho wake, na maradhi yakabaki.

Mwaka 2003 Zanzibar iliacha klorokwini, ambayo vimelea vilikuwa vimeshaizoea, na kuanza kutumia dawa mseto. Kisha zikagawiwa chandarua zenye dawa, na mwaka 2006 upigaji dawa majumbani ukaanza tena. Mambo hayo matatu yalipofanywa kwa pamoja, matokeo yalikuwa makubwa. Kiwango cha watu wenye vimelea vya malaria katika damu kilishuka hadi chini ya asilimia 1. Wodi za watoto ambazo wakati wa masika zilikuwa zikilaza watoto wawili au watatu kitanda kimoja zilipata nafasi. Kuanzia 2008 vituo vya afya vilianza kutuma taarifa za wagonjwa wa malaria kwa simu za mkononi, na baadaye ukawekwa utaratibu wa kumfuatilia mgonjwa hadi nyumbani kwake ili waliomo humo nao wapimwe.

Ushindi huo ni miongoni mwa ushindi mkubwa ambao Visiwa hivi vimeupata tangu vijulikane. Lakini mwenye kovu usidhani kapoa. Mbu wapo. Mvua za masika na za vuli zinakuja kila mwaka. Vyombo vinavyovuka bahari baina ya Unguja, Pemba na Bara huchukua maelfu ya abiria, na vimelea husafiri ndani ya damu ya msafiri bila ya yeye mwenyewe kujua. Si kosa lake, wala hazuiliki kwa askari wa bandarini. Mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 wagonjwa wa malaria waliongezeka tena Zanzibar, na hiyo ilikuwa ni ilani ya kutosha.

Kuna hatari nyengine ambayo haikuwapo kwa ukubwa huo mwaka 1968. Watoto waliozaliwa katika miaka ya malaria chache hawakujenga ile kinga ya mwili ambayo wazee wao waliipata kwa kuugua mara nyingi. Malaria ikirudi kwa nguvu, haitawakuta watoto wachanga peke yao. Itawakuta wanafunzi wa skuli na vijana wa kazi pia, nao hawana ngao. Kadiri ushindi unavyodumu, ndivyo hasara ya kuuacha inavyokuwa kubwa.

KISIWA KISICHO NA JESHI

Katika Bahari hii hii ya Hindi kipo kisiwa cha Morisi, kilichopata uhuru tarehe 12 Machi 1968. Morisi haina jeshi la kudumu. Ulinzi wake huangaliwa na Polisi, ambao ndani yao kipo kikosi maalumu na walinzi wa pwani. Matibabu katika hospitali zake za Serikali hutolewa bure.

Itakuwa ni makosa kusema kwamba kila nchi ifanye kama Morisi. Morisi haina jirani anayepakana nayo kwa ardhi. Tanzania inapakana na nchi nane, na Kagera imeonesha maana yake. Jambo la kujifunza kwa Morisi ni jengine. Malaria iliingia kisiwani humo katika miaka ya 1860 na kuua makumi ya maelfu. Baada ya kazi ya miaka mingi, mwaka 1973 Shirika la Afya Duniani liliithibitisha Morisi kuwa imeepukana na malaria. Februari 1975 kimbunga kilichoitwa Gervaise kilikipiga kisiwa. Nyumba zilizokuwa zimepigwa dawa zilibomoka, maji yakatuama, na wafanyakazi wakaingia kutoka nje kuja kujenga upya. Malaria ikarudi. Ilihitajika kampeni ya pili, iliyochukua hadi miaka ya mwisho ya 1990 kuiondoa tena.

Baada ya hapo Morisi haikuwaondoa walinzi wake. Abiria wanaotoka katika nchi zenye malaria hufuatiliwa wanapoingia, hupimwa wakipata homa, na mazalia ya mbu huangaliwa, mwaka baada ya mwaka, ingawa mtu anaweza kuishi umri mzima kisiwani asimwone mgonjwa aliyeambukizwa hapo. Mgeni asiyejua angelisema ni fedha inayopotea. Kwa hakika hiyo ndiyo fedha inayofanya kazi. Morisi haina jeshi, lakini imeichukua tabia njema ya jeshi na kuitia katika afya: zamu haiachwi kwa sababu usiku umepita kwa salama.

HESABU YA DUNIA

Mwaka 2024 dunia nzima ilitumia katika mambo ya kijeshi kiasi cha dola trilioni 2.7, kwa hesabu ya taasisi ya utafiti wa amani ya Stockholm, SIPRI. Kiasi hicho ni zaidi ya dola milioni 300 kwa kila saa, usiku na mchana.

Upande wa pili wa mizani upo mfano wa ndui. Kuanzia 1967 hadi dunia ilipotangaziwa Mei 1980 kuwa ndui imekwisha, kazi yote ya kuiondoa iligharimu kiasi cha dola milioni 300. Mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui katika mazingira ya kawaida alikuwa ni Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, pwani ya Somalia, Oktoba 1977. Wakati huo Somalia na Ethiopia zilikuwa katika vita vya Ogaden. Vita vile havikumaliza ugomvi wa nchi hizo mbili. Wachanjaji walioisaka ndui katika nchi hizo hizo waliimaliza kabisa, na mtoto wa leo hachanjwi ndui kwa sababu hakuna ndui ya kumwingia.

Dola ya miaka ile ilikuwa na thamani kubwa kuliko ya leo, na haki ni kuliangalia hilo. Lakini hata kiasi kile kikizidishwa mara kumi, hakifiki matumizi ya kijeshi ya dunia kwa nusu ya siku moja.

CHA KUAZIMA HAKISITIRI MAUNGO

Sasa inabidi kusemwa jambo linalozihusu ofisi za mipango na fedha moja kwa moja. Sehemu kubwa ya vita dhidi ya malaria Zanzibar tangu miaka ya 2000 imegharamiwa na wafadhili, hasa Mfuko wa Dunia wa Kupambana na UKIMWI, Kifua Kikuu na Malaria, ulioanzishwa 2002, na Serikali ya Marekani kupitia mpango wake wa malaria. Msaada huo umeokoa roho nyingi na unastahiki shukrani. Lakini ni nchi chache zinazokubali mishahara ya askari wao walinzi wa mpaka ilipwe na nchi nyengine, kwa miadi ya mwaka mmoja mmoja. Mipaka ya afya imekuwa ikilindwa kwa njia hiyo.

Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na tarehe 1 Julai 2025 shirika lake la misaada, USAID, lilikoma kufanya kazi likiwa chombo chenye kujitegemea. Februari 2025 Serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba itapunguza misaada yake kutoka asilimia 0.5 ya pato lake la taifa hadi asilimia 0.3 ifikapo 2027, na ilisema waziwazi kuwa fedha hizo zitakwenda kuongeza matumizi ya ulinzi. Nchi hizo zina haki ya kupanga matumizi yao. Lakini mwananchi wa Micheweni au Makunduchi afahamu maana yake: uamuzi wa kununua silaha katika mji mkuu wa mbali unaweza kuondoa chandarua kitandani mwa mwanawe, bila ya kura yake wala ya mwakilishi wake.

Aprili 2001 wakuu wa nchi za Afrika, wakiwa Abuja, Nigeria, waliahidi kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti za Serikali zao kwa afya. Nchi nyingi hazijaifikia ahadi hiyo kwa namna ya kudumu. Lakini hata asilimia peke yake haitoshi, kwa sababu yaweza kufikiwa kwa kujenga majengo mazuri na huku dawa ya kupigia nyumba haijaagizwa.

YANAYOFAA KUFANYWA

Mambo matano yanafaa kuzingatiwa na kila mwenye dhamana.

Kwanza, kasma za kinga, yaani chanjo, upigaji dawa, chandarua, upimaji wa maji na ufuatiliaji wa maradhi, zihesabiwe kuwa ni matumizi ya lazima kama zilivyo za ulinzi. Zisiwe za mwanzo kupunguzwa mapato yanapopungua, na zisipunguzwe kwa hoja kwamba wagonjwa ni wachache. Uchache wa wagonjwa ndio matunda ya kasma hizo.

Pili, fedha zitolewe kwa wakati wake. Dawa ya kupigia nyumba ni lazima iwe imeshapigwa kabla ya mvua, na huagizwa miezi kadhaa kabla. Fedha iliyotoka Mei kwa ajili ya masika yaliyoanza Machi, hata ikiwa ni kamili kwa hesabu, imepotea. Hakuna mkuu wa kikosi anayegaiwa risasi baada ya mapambano kwisha.

Tatu, sehemu inayolipwa na Serikali yenyewe katika vita dhidi ya malaria ikue kila mwaka kwa kiwango kinachojulikana, ili msaada ukipungua usiache pengo la ghafla. Kampeni ya 1968 ilisimama wakati maradhi yakiwa machache. Itakuwa ni msiba kosa lile lile kurudiwa kwa sababu mfadhili ameondoka.

Nne, vyombo vya ulinzi na vya afya vizidi kushirikiana. Boti za kuzuia magendo hupita mahali ambapo gari la afya halifiki. Bandari rasmi na bandari bubu ni mipaka ya maradhi kama ilivyo mipaka ya bidhaa.

Tano, taarifa za afya ziwe wazi. Mambo ya ulinzi yana siri zake na ni haki yawe nazo. Kinga ya maradhi haina haja ya siri. Idadi ya nyumba zilizopigwa dawa, ya chandarua zilizotolewa na ya wagonjwa waliopimwa inaweza kubandikwa katika ofisi ya sheha, ili kila mwananchi aone zamu yake inalindwa vipi.

Kwa upande wa wananchi, wajibu haupungui. Chandarua si uzio wa tuta la mboga wala si juya la kuvulia dagaa. Mpiga dawa akibisha hodi, afunguliwe mlango. Aliyesafiri akarudi na homa aende kupimwa siku hiyo hiyo, asisubiri ipande na kushuka. Mtungi na pipa lifunikwe, na maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa wakati wa mripuko. Askari mmoja anayelala zamuni huweza kuhatarisha kambi nzima, na nyumba moja iliyokataa dawa huweza kuhatarisha mtaa.

Swali la nani atangulie baina ya askari na tabibu litaendelea kuulizwa kila bajeti, na ni haki liulizwe. Jawabu haitakuwa moja kwa nchi zote wala kwa miaka yote. Lakini kipimo chake kipo. Taifa likikubali kumlipa mlinzi wa mpaka katika miaka ambayo hakuna aliyevuka mpaka, basi likubali vile vile kumlipa mpiga dawa, mchanjaji na mpima maji katika miaka ambayo hakuna aliyeugua. Miaka ya namna hiyo haiji yenyewe. Hununuliwa kila mwaka kabla ya mvua.